Vijiji vya Rika: Namna Wanyakyusa Walivyompatia Kila Kijana Makazi

Mwaka 1879 mpelelezi Mskoti, Joseph Thomson, aliyekuwa ameanza safari yake Dar es Salaam, alishuka kutoka milimani akafika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Nchi ya Wanyakyusa ilimvutia sana: migomba iliyotunzwa, nyua zilizofagiwa, nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi. Wamisionari wa Kimoravian na wa Misheni ya Berlin waliofika mwaka 1891 nao walivutiwa na usafi wa vijiji hivyo.

Nyuma ya nyumba hizo kulikuwa na utaratibu wa kugawa makazi ambao haukuwa na ofisi wala karani. Wengi wa waliopita hawakuuona. Walioueleza kwa kina ni mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu *Good Company*, kinachohusu vijiji vya rika.

Mvulana alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, alikuwa ameshakua kiasi cha kutolala tena nyumba moja na wazazi wake. Yeye na wenzake wa umri mmoja walipewa sehemu pembezoni mwa kijiji cha baba zao, wakaanza kujenga. Vibanda vya kwanza vilikuwa vya matete, dhaifu, vya watoto wanaojifunza kazi. Mwaka hadi mwaka mikono ilizoea, vibanda vikaboreshwa, na wadogo zao wakajiunga nao mpaka kijiji kikatosha. Walipooa, nyumba za mianzi zikasimama: kuta zilizokandikwa udongo kwa ndani, nyingine ndefu, ng'ombe wakilala upande mmoja na familia upande wa pili. Mvulana hakusubiri ajengewe nyumba. Alijifunza ujenzi kwa kujijengea pamoja na wenzake.

Chakula nacho kilikuwa na kanuni yake. Wavulana waliendelea kumlimia baba na kula kwa mama, ila walikwenda kwa kundi: leo nyumba ya mama wa huyu, kesho ya mama wa yule. Mvulana aliyekwenda kula peke yake mara kwa mara alikemewa na baba yake kwa kuwaacha wenzake. Wanyakyusa wanaita hali hiyo ya kukaa pamoja kwa furaha *ukwangala*, na waliiona kuwa msingi wa utu. Kulikuwa na sababu nyingine pia ya vijana kuwa na kijiji chao. Mke wa kijana alitakiwa kumwepuka kabisa baba mkwe wake, hata kutomtazama, kwa hiyo isingewezekana baba na mwana aliyeoa kuishi ua mmoja.

Kilele cha mpango huu kilikuwa *ubusoka*, sherehe iliyofanyika mara moja tu katika kila kizazi. Vijana waliokwisha kuoa walitangazwa rasmi kuwa wenye nchi. Moto wa zamani ulizimwa katika nyumba zote, moto mpya ukawashwa kwa kupekecha vijiti, na kila mmoja akachukua wake. Mipaka ya vijiji ilitambuliwa upya na viongozi wapya wakateuliwa. Wazee walisogea kando ili kizazi kipya kipate ardhi ya kujenga na kulima. Kutoa nafasi hakukuwa hisani ya mzee mmoja mwenye huruma. Kulikuwa wajibu wa kizazi kizima, nao ulikuwa na wakati wake.

Hata aliyegombana na majirani, au aliyetuhumiwa uchawi na kulazimika kuhama, alikuwa na pa kwenda. Kila mtawala alitaka watu wengi, hivyo mgeni aliyeomba kukaa kwa kawaida alipewa ardhi.

Lakini mpango huu ulikuwa na upungufu mkubwa. Ulikuwa wa wanaume. Mwanamke aliingia kijijini kwa njia ya mume, na mumewe akifa, kwa kawaida alirithiwa na ndugu wa marehemu. Wazee wenye ng'ombe wengi walioa wake wengi, huku vijana wakisubiri mahari kwa miaka. Anayetaka kujifunza kutoka kwa desturi hii sharti auone na upande huo.

Kilichouvunja mpango huu ni uhaba wa ardhi. Kahawa ilipoenea milimani Rungwe na mpunga katika tambarare za Kyela, shamba likawa mali ya thamani ya kudumu, na baba akataka kumrithisha mwanawe badala ya kulirudisha kijijini. Vijana walikwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, kisha migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na ya Afrika Kusini. Monica Wilson aliporudi mwaka 1955, na mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alipoandika kuhusu ardhi ya Wanyakyusa miaka hiyohiyo, vijiji vya rika vilikuwa vinatoweka.

Katika suala la makazi, serikali ya Tanganyika huru ilianza na mijini. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuondoa makazi duni Dar es Salaam. Vijijini, operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilihamisha mamilioni ya Watanzania, lakini kwa jumla nyumba kila mtu alijijengea. Hata leo mradi mkubwa wa kuwapa makazi watu wa kipato cha chini huwa wa mjini: nyumba mpya za Magomeni Kota, zilizozinduliwa Machi 2022, zilijengwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale zamani. Ni kazi njema, ila kijana wa Ipinda au Matema, kule Kyela, haimfikii.

Huyo kijana ana sheria inayoweza kumsaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji huhitaji idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo mkutano mkuu unaweza kuamua kwamba katika mpango wa matumizi ya ardhi patengwe eneo la viwanja kwa vijana wanaoanza maisha, wa kike na wa kiume kwa haki sawa, mbali na mabonde ambayo mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka hufurika. Wanakijiji wa Kyela, ulizeni jambo hili katika mkutano mkuu ujao, na msikubali ajenda ya ardhi ifungwe kabla vijana wenu hawajatajwa.