Dira ya Joto, si Kipimahalijoto

Kimetoka kijitabu kingine cha istilahi za ufundi wa magari. Safari hii kile kisahani chenye mshale kinachokaa kwenye dashibodi, kumjulisha dereva kama injini imepata moto, kimeitwa "kipimahalijoto cha kipozainjini". Jina lina silabi 14. Urefu wake ningeuvumilia, maana tunayo majina marefu yanayotamkika vizuri. Nisichoweza kukivumilia ni kwamba jina lenyewe si la kweli. Chombo hicho hakipimi kitu. Kinachopima kimefungwa mbele kule, kwenye silinda hedi, jirani na thamostati, na dereva hakioni mpaka afungue boneti.

Mwendo wa watungaji hawa unajulikana. Huchukua neno la Kiingereza, hulitafutia kisawe cha kila kipande, kisha hugandisha visawe hivyo vikawa neno moja. Hapa walikuta geji, kamusi ikawaambia geji ni kipimo, wakaandika kipima. Wangeuliza asili ya neno hilo wangesita. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale cha kaskazini, na kazi yake ya zamani ilikuwa kupimia ujazo wa mapipa. Fimbo huzamishwa, hutolewa, alama ya unyevu husomwa. Kwenye fimbo hiyo kinachopima na kinachoonyesha ni kitu kimoja. Baadaye jina likahamia kwenye vyombo visivyofanana kabisa na fimbo ile, na wenyewe wakaliacha liendelee kwa mazoea. Mazoea yao si sheria kwetu.

Kipimajoto, kwa upande wake, ni neno zuri. Limetungwa kwa kanuni ile ile iliyotupa kipimamvua na kipimahewa. Linakaa sawa kwenye kijiti cha kioo cha zahanati, kwa kuwa zebaki inayopashwa moto na kwapa la mgonjwa ndiyo hiyo hiyo inayopanda kwenye mistari. Lingekaa sawa pia kwenye Ford T, ambayo wenye nayo walipenda kuifunga Boyce MotoMeter juu ya mfuniko wa rejeta: kipimajoto halisi, dereva akikisoma kupitia kioo cha mbele. Hata vyombo vilivyofuata, vyenye kichupa cha chuma kilichotiwa etha, mrija mwembamba na bomba lililopinda ambalo Mfaransa Eugène Bourdon alilipatia hataza mwaka 1849, sigombani na anayeviita vipimajoto. Msukumo wa mvuke wa etha ulitoka kwenye injini ukafika kwenye mshale bila kukatika popote.

Umeme ndio uliovunja udugu huo. Chukua Land Rover Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985, ambayo hadi leo utaikuta ikipanda Kitonga na mzigo wake. Kwenye silinda hedi kuna kihisi ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri maji yanavyopata moto. Waya mmoja hutoka hapo hadi dashibodini. Huko, nyuma ya mshale, kuna utepe wa metali mbili uliozungushiwa waya wa kupashia. Umeme ukizidi, utepe hupinda na mshale husogea. Ili mshale usiyumbe kila chaji inapopanda na kushuka, umeme hupitia kwanza kwenye kidhibiti kinachoushusha hadi wastani wa volti 10. Kwa hiyo mshale haujui lolote kuhusu maji ya rejeta. Unaujua umeme tu, na joto linaloupinda utepe ni la waya wake wenyewe.

Jina baya hugharimu fedha. Nimesimama gerejini nikamsikia kijana akimwambia mwenye gari, "Mzee, kipimajoto kimekufa, tutafute kingine." Kingine kikatafutwa, kikalipiwa, kikafungwa, na mshale ukalala pale pale kwenye baridi. Fundi mmoja wa makamo aliyekuwa akifunga breki za lori jirani akasogea. Akawasha swichi bila kupiga stata, akachomoa waya kwenye kihisi, akaugusisha kwenye chuma cha injini kwa sekunde chache. Mshale ukapanda taratibu hadi mwisho wa H. "Huu mzima," akasema, "na ule mliouweka kando ulikuwa mzima vilevile. Mgonjwa yuko huku chini." Fundi yule alitenganisha viungo viwili ambavyo kijitabu, pamoja na jopo lake zima la wataalamu, kimevichanganya.

Neno ninalolitetea ni dira ya joto. Dira tumeipokea kutoka kwa mabaharia. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo neno hilo kwa maana ya chombo cha nahodha, na mabaharia wa Ghuba nao walikiita chombo hicho dira. Shina lake ni la Kiarabu, d-w-r, lenye maana ya kuzunguka, na shina hilo limetuzalia ukoo mkubwa: duara, duru, idara, ambayo asili yake ni kuyazungusha mambo yaende, na mudiri, anayeyazungusha. Dira basi imebeba mviringo ndani ya jina lake. Itazame dashibodi ya gari la zamani: uso wa mviringo, mshale, kioo juu yake. Umbo na jina vimekutana bila mtu kuvilazimisha.

Lakini sikulichagua kwa umbo peke yake. Dira huelekeza. Nahodha haiulizi bahari ina kina gani wala amekata maili ngapi. Huiuliza chombo kinaelekea wapi. Kwenye magari mengi ya zamani mshale umewekwa kati ya C na H bila namba hata moja. Chombo cha kupima kisichotoa namba kinapima nini? Mshale ule husema upande: tunaelekea kwenye baridi, tunaelekea kwenye moto. Hiyo ndiyo kazi ya dira. Tena kila baharia anafahamu kwamba dira hupotoshwa: sogeza kipande cha chuma karibu nayo itaiacha kaskazini, ilhali kaskazini haijahama. Dereva aliyefundishwa kwa neno hilo hatauchukua mshale kuwa ndio joto lenyewe. Ataujua kuwa ni habari, na habari huthibitishwa.

Nilipolitoa pendekezo hili kwenye kikao fulani niliambiwa dira imeshachukuliwa na wapanga mipango, kwa kuwa Tanzania ilikuwa na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025. Mwenyekiti akaingia kwenye ajenda iliyofuata bila kunipa nafasi ya kujibu. Najibu hapa. Maana ya mipango ilizaliwa na maana ya baharini, na mtoto hamfukuzi mama yake nyumbani. Wakenya, kwa mipango yao, walichagua kusema Ruwaza ya 2030, hivyo kwao hata huo mgongano unaohofiwa haupo.

Mwandishi mwingine, ambaye kazi zake nyingine naziheshimu, ameshauri tuseme "mshale wa joto" kama madereva wasemavyo. Madereva wako sahihi wanaposema mshale umepanda, kwa sababu kinachopanda ni mshale. Lakini mshale ni kiungo cha chombo, na kiungo hakiwezi kukipa jina chombo kizima chenye uso, utepe na waya. Geji nayo inaishi gerejini kwa haki yake na sina ugomvi na fundi anayeitumia. Ugomvi wangu ni na kijitabu kinachodai kufundisha. Na wanafizikia watakaosema joto ni nishati, halijoto ni kiwango chake, nawaunga mkono darasani. Kwenye dashibodi hakuna kiwango kilichoandikwa, kwa hiyo joto latosha.

Ukishayatenga majina, hitilafu hujipanga zenyewe. Dira ya joto na dira ya mafuta zikipanda pamoja kupita kawaida, mshukiwa ni kidhibiti cha volti au mahali kinapogusana na bodi; zikifa pamoja, tazama kidhibiti hicho hicho na fyuzi. Dira ya joto ikikaa kwenye H hata injini ikiwa imelala usiku kucha, chomoa waya wa kihisi: mshale ukishuka, kihisi ndicho kibovu, usiposhuka, waya umechubuka mahali na unagusa chuma. Kihisi kilichozungushiwa tepu nyingi ya mafundi bomba hukosa kugusa chuma vizuri, na dira husoma chini. Maji yakipungua mpaka kihisi kikabaki hewani, dira hushuka wakati injini inaungua, na hapo ndipo gasketi na silinda hedi nyingi zimekwenda. Dira ikibaki chini safari nzima huku kihisi na waya ni vizima, huenda thamostati imekwama wazi, na dira inasema kweli.

Hoja yangu ya mwisho haijajibiwa na yeyote hadi leo. Ukitaka kukijaribu kihisi, unakifungua, unakitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto cha kioo, unakiungia waya wake na waya mwingine wa kwenda kwenye chuma cha injini, kisha unalinganisha kipimajoto na dira. Maji yakifika nyuzi 82 au 88, ambapo thamostati nyingi hufunguka, mshale uwe umeingia eneo lake la kawaida. Andika sasa maelekezo hayo hayo kwa istilahi ya kijitabu: "linganisha kipimahalijoto na kipimahalijoto." Mwanafunzi wa ufundi akisoma hivyo atashika chombo gani? Vitu viwili vinavyotumika pamoja, mkono mmoja na mwingine, haviwezi kubeba jina moja.

Kwa waandishi wa vitabu vya mafunzo na wafasiri wa miongozo ya magari, matumizi ni haya: kilicho dashibodini ni dira ya joto, kilicho kwenye silinda hedi ni kihisi cha joto, na kipimajoto kibaki jina la kile kinachotoa namba. Kijitabu kile kikienda kuchapwa upya, wahariri wake watapata nakala ya makala hii mezani, na ninataka wanijibu kwa maandishi.