Fulana Ilikuwa Sufu

Chukua neno fulana. Leo ukimtuma mtu sokoni Kakamega akununulie fulana, atarudi na kile kivazi chepesi cha pamba cha kuvaa ndani ya shati. Lakini neno lenyewe limetokana na flannel, kitambaa cha sufu ambacho Waingereza walikivaa karibu na ngozi ili wapate joto. Sweta nayo ilikuwa nguo ya wanariadha, ya kuwatoa jasho. Jezi imebeba jina la Jersey, kisiwa kilichosifika kwa kufuma sufu. Kabuti ni capote, lile koti zito la askari na mabaharia wa Ulaya. Majina yote manne yalifika kwetu na yote yalikuwa ya joto. Nguo zenyewe ni stori nyingine. Kuna waliozipata, kuna waliokosa, na nyingine zilibadilishwa kitambaa njiani.

Kuelewa kwa nini kitambaa ni muhimu hivyo, tuanzie chini ya maji. Miaka ya 1830 huko London, fundi anayeitwa August Siebe alitengeneza vazi la kuzamia lililofungwa kote, la turubai na mpira, na kofia ya shaba juu. Maji hayakuingia. Ila mpira hauna joto lolote la kumpa mtu, kwa hiyo mzamiaji alivaa ndani jezi ya sufu, suruali ya sufu, soksi ndefu za sufu na kofia ya sufu. Maji yakiwa baridi zaidi, aliongeza jezi ya pili juu ya ile ya kwanza. Wazamiaji wa leo wanaovaa suti kavu bado wanafuata sheria hiyo hiyo: suti ni ya kuzuia maji, joto ni kazi ya nguo za ndani.

Siri yake ni hewa. Nguo nzito hushika hewa iliyotulia kati ya nyuzi, na hewa hiyo haipitishi joto kwa urahisi. Maji hulipitisha karibu mara 25 zaidi. Ndiyo maana nguo ya ndani ikilowa, hata kwa jasho lako mwenyewe, mchezo umeisha. Pamba hunywa maji na kuyashikilia palepale kwenye ngozi. Sufu inaweza kubeba maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Poliesta haibebi hata asilimia 1, huyasukuma nje.

Bahari ya Mombasa ina joto la digrii 25 hadi 29 hivi, kwa hiyo anayezamia huko kutazama samaki hahitaji suti kavu. Ukitaka kumwona Mkenya aliyevaa kitu kinachofanya kazi kama suti kavu, panda huku Magharibi na usimame kando ya barabara mvua ikianza.

Kakamega iko mita 1,500 na kitu juu ya bahari, na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mara nyingi asubuhi ni jua kali, halafu alasiri mbingu zinafunguka. Mtu wa boda anayetoka Shinyalu kuja mjini anasimama chini ya mti, anavaa suti yake ya nailoni, suruali na koti, anaingiza miguu kwenye gambuti, anaendelea. Maji ya nje hayamfikii. Lakini ndani ana fulana ya pamba iliyoloa jasho tangu saa sita, na sasa nailoni imelifungia jasho hilo ndani, na upepo wa mwendo wa pikipiki unampiga kifuani. Wenzake wengine huvaa jaketi nyuma-mbele ili zipu isipitishe upepo. Ukiuliza, watakwambia wanaogopa nimonia. Daktari atakueleza kwamba nimonia huletwa na vijidudu, lakini hofu ya baridi ya kifua katika nchi hii haikutoka hewani.

Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, madaktari wa Kiingereza waliwashauri watu wao waliokwenda nchi za joto wavae flannel karibu na ngozi. Jeshi lao hata lilikuwa na mkanda wa flannel wa kufunga tumboni, eti unazuia kipindupindu. Tiba yenyewe haikuwa na msingi, lakini inaonyesha fikra zao: mwili wa Mzungu ulihitaji sufu hata kwenye jua.

Sasa linganisha na Vita vya Kwanza vya Dunia. Vilipoanza mwaka 1914, Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kile kilichotuachia majina Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Eneo lililoitwa Kavirondo wakati huo, yaani Waluhya, Wajaluo na majirani zao, lilitoa vijana wengi sana. Walibeba mizigo kuvuka milima na mabonde ya Tanganyika, masika juu yao, na kwa wengi blanketi ndilo lililokuwa koti, godoro na mwavuli. Blanketi likilowa usiku wa kwanza, usiku wa pili unajifunika maji. Wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka Kenya walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na nimonia. Kwa hiyo mzee aliyemfokea mjukuu wake, "Funika kifua!", alikuwa na sababu zake.

Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Wazungu walimiminika, na mwaka 1932 serikali ikarekebisha sheria ya ardhi ya wenyeji, iliyokuwa na miaka miwili tu, ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Migodi kama Rosterman iliajiri wenyeji kwa mshahara wa shilingi chache kwa mwezi. Mgodi ni mahali pa maji na jasho kwa pamoja, na ukitoka juu unakutana na baridi ya jioni. Kwa mshahara huo, mtu huwezi kununua jezi ya sufu ya kila siku. Unanunua blanketi, unanunua kitu cha pamba. Pengine hivi ndivyo fulana ilivyozoeleka kuwa pamba: jina la nguo ya tajiri likabaki kwenye nguo aliyoweza kuimudu maskini.

Baada ya uhuru kulikuwa na kipindi ambapo Kenya ilijitengenezea joto lake. Eldoret kulikuwa na Raymond Woollen Mills, na Nakuru nayo ilisifika kwa mablanketi. Watoto walienda shule na sweta, hata kama ya akriliki. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, viwanda vingi vya nguo vikafifia na mitumba ikajaa.

Hapo ndipo jambo la ajabu likatokea. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, kiwanda cha Malden Mills huko Massachusetts, Marekani, kilianza kutengeneza kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya kama ya kondoo, ambacho huku tumezoea kukiita flisi. Wapanda milima walikipenda, na wazamiaji wakakivaa ndani ya suti zao kavu. Wakikichoka, wanakitoa, kinafungwa kwenye belo, na miaka kadhaa baadaye kiko chini Lubao siku ya soko, kimerundikwa pamoja na masweta ya sufu ya nyanya za Uingereza. Kwa bei ya chakula cha mchana unaweza kupata nguo ambayo mpagazi wa 1916 asingeipata kwa mshahara wa mwezi. Njia hiyo nayo si ya uhakika. Machi 2020 serikali ilisimamisha uagizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, na belo hazikuruhusiwa tena hadi Agosti, msimu mzima wa mvua ukiwa umepita.

Tatizo ni kwamba pale sokoni tunachagua kwa macho. Tunatafuta jaketi kubwa, jina kubwa mgongoni, kitu cha kuonekana. Sheria nayo inaangalia nje tu: kanuni za pikipiki zinadai kofia na jaketi la kung'aa, na polisi atakusimamisha kwa hayo. Ndani umevaa nini, hilo ni lako na mfuko wako, kama lilivyokuwa la mpagazi.

Basi soma lebo. Ikiwa imekatwa, omba uchomoe uzi mmoja uuchome: sufu inanuka kama nywele zilizoungua, poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu, pamba inanuka kama karatasi. Kisha panga hivi. Karibu na ngozi vaa poliesta nyembamba inayobana kidogo. Pengine tayari unayo nyumbani, maana jezi ya mpira ya siku hizi ni poliesta tupu, iwe ya AFC Leopards au ya timu yoyote ile. Juu yake flisi au sweta ya sufu, isibane, maana hewa inahitaji nafasi. Mwisho nailoni. Ukifika stejini mvua ikiwa imekatika, fungua zipu mara moja jasho litoke. Fulana ya pamba iache nyumbani, uivae Jumapili jua likiwaka.