Korti ya Kajiado na Risasi za Magadi

Wasee, sisi wa Kitengela tukisikia korti ya Kajiado tunawaza kesi za mashamba tu. Kuna nyingine. Usiku wa Oktoba 23, 2022, kwenye barabara ya kwenda Magadi, polisi walimpiga risasi Arshad Sharif, mwanahabari aliyekuwa ameitoroka Pakistan. Wakasema walidhani gari ni la wizi. Eti basi!

Mjane wake, Javeria Siddique, alishtaki, na chama cha wanahabari, KUJ, kikasimama naye kortini. Julai 8, 2024, Jaji Stella Mutuku akaamua mauaji yalikuwa kinyume cha sheria: mjane alipwe shilingi milioni 10, uchunguzi umalizwe, maafisa washtakiwe. Hizo milioni ni ushuru wetu. Na aliyefyatua, je?