KITI SI UPAKO

Fungua 1 Wafalme 1, kisha twende pamoja hadi Zanzibar.

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Saa chache tu baadaye, binamu yake Khalid bin Barghash aliingia jumba la kifalme na watu wenye silaha, akajitangaza Sultani. Khalid hakuwa mtu wa kando. Baba yake, Barghash, alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Na ukoo ule haukuwa na sheria kwamba mzaliwa wa kwanza ndiye mrithi. Kila mwana wa damu aliweza kuuliza, "Na mimi je?"

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa zamani. Sultani Said bin Sultan alipokufa 1856, mwanawe Thuwaini alishika Oman na Majid akashika Zanzibar. Mwaka 1859 Barghash akamwasi ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Kiti alikipata miaka 11 baadaye, Majid alipokufa.

Sasa mwanawe naye hakungoja. Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya ulinzi wao tangu 1890, walimtaka Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Alikataa. Manowari zikafyatua mizinga, na haikufika saa moja vita vikaisha. Watu wake kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Yeye alikimbilia kwa konseli wa Wajerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata 1916, wakampeleka uhamishoni. Alifia hapa kwetu, Mombasa, mwaka 1927.

Je, humwoni Adonia hapo? Baba yake Daudi bado hai, yeye anaandaa magari na watu 50 wa kumtangulia mbio. Karamu ilipovunjika alikimbilia pembe za madhabahu.

Lakini usiseme haraka kwamba Hamoud alishinda kwa kuwa Mungu alimchagua. Hamoud aliwekwa na mizinga. Kushinda peke yake si ushahidi wa kuitwa! Mwangalie Daudi. Alikuwa na mafuta ya Samweli kichwani na Sauli mkononi mwake pangoni, lakini alikata upindo wa vazi tu. Aliyeitwa kweli anaweza kungoja.

Mpendwa, hapa Soweto West unajua ninachosema. Mchungaji hajazikwa, mtu ameshabadilisha kufuli ya kanisa. Mmoja anasema, "Mimi ni mtoto wake." Mwingine anasema, "Mimi ndiye nilinunua mabati." Wa tatu anamwita chifu. Wanaoumia ni kondoo. Yule mama aliyeketi benchi la nyuma anarudi nyumbani na hatafuti kanisa tena. Wale 500 wa Khalid hawakuwa wagombea kiti, lakini wao ndio waliolipa.

Kwa hivyo kabla hujamfuata mtu anayegombea kiti, iwe kanisani, kwenye chama au kwa urithi wa mzee, usiulize tu kama ana haki. Uliza: yuko tayari nani aumie ili akipate?

Tuombe: Baba, nipe moyo wa kungoja wakati wako. Kiti changu kisijengwe juu ya machozi ya mtu. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha mtumie mzee mmoja wa kanisa.