Mnong'ono wa Inanga na Nasaba ya Muziki wa Kiatonali

Muziki wa kiatonali wa mwanzoni mwa karne ya 20 huelezwa mara nyingi kana kwamba ulizaliwa siku Arnold Schoenberg alipoupa kisogo urithi wa Ulaya. Maelezo hayo hayasimami. Schoenberg hakulipenda neno "atonali", alijihesabu mrithi wa Brahms, na Opus 25 yake, utunzi wa piano uliojengwa wote kwa safu ya noti 12, imepangwa kwa mitindo ya kale ya dansi kama gavoti na minueti. Alichokiondoa ni noti moja kuzitawala nyingine.

Kwa mtafiti wa Maziwa Makuu, hoja nzito iko kwingine. Katika kipande cha tatu cha Opus 16 (1909), mwafaka wa sauti hubadilika kwa shida huku ala zikipokezana. Kinachosogea ni rangi ya sauti. Mwaka 1911, katika kitabu chake cha nadharia ya hamonia, alidokeza kwamba melodia inaweza kuundwa kwa rangi hizo. Vienna, wazo hilo lilikuwa la kubahatisha. Burundi kuna utanzu mzima unaoishi kwa jambo lililo karibu nalo: mwimbaji wa inanga, zeze la ubao uliochongwa kama sinia refu, hunong'ona maneno huku akipiga nyuzi. Mnong'ono hauna kidatu. Hata hivyo msikilizaji husikia sauti ya mtu ikipanda na kushuka pamoja na nyuzi. Cornelia Fales, katika makala yake ya mwaka 2002 kuhusu rangi ya sauti, alionyesha kwamba melodia hiyo hukamilishwa na sikio lenyewe.

Hakuna aliyemwiga mwenzake. Ulinganisho huu unavunja tu dhana kwamba kidatu ndicho mhimili wa lazima wa kila mapokeo, na kwamba usasa lazima uanzie Ulaya.

Kisera, tofauti ni kubwa. Ngoma za kifalme ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, na amri ya mwaka 2017 ikawaachia wanaume peke yao kuzipiga. Ngoma husikika hata Zone Industrielle ya Bujumbura, kati ya malori na maghala. Mnong'ono hausikiki hapo. Mtaala unaopima muziki kwa noti zilizoandikwa nao hauusikii, kwa kuwa kilicho muhimu ndani yake hakiandikiki kwa noti. Rekodi zenye ubora na mafunzo chini ya wapigaji walio hai vinastahili kutangulia tamasha lolote jipya.