Mvua zikigoma: Mbinu 3 za kujiokoa na ukame

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Kisha mwishoni mwa 2023, El Nino ikaleta mafuriko.

Watu wanajipangaje? Inategemea unaishi wapi.

Ukambani, Kenya: Kuficha maji mchangani
Huku mito mingi ni ya msimu. Wakazi hujenga ukuta wa zege kukatiza mto. Maji yakishuka kwa kasi, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji ndani yake, mbali na jua. Kiangazi, watu wanachimba na kuchota.

Shinyanga, Tanzania: Kuweka akiba ya nyasi
Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue. Hufunguliwa kiangazi, kwingine kukiwa kumekauka. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, uliufufua utaratibu huu.

Marsabit, Kenya: Kukata bima
Tangu 2010 wafugaji wameweza kukatia mifugo bima ya ukame. Satelaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka kupita kiwango, wenye bima wanalipwa, hakuna kuhesabu mizoga.

Mbinu zote tatu zinafanana kwa jambo moja: ukuta hujengwa mto ukiwa mkavu, ngitili hufungwa nyasi zikiwepo, na bima hukatwa mapema. Ukisubiri ng'ombe aanguke, umeshachelewa.