Wageni wa Songea na Neno “Letu”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii yamfaa kila mgeni aendaye nchi ya watu kwa nia ya kusaidia, kwa kuwa lugha ya wenyeji ndiyo kitu cha kwanza kilichomo mvunguni, wala hapana awezaye kukipata akiwa amesimama wima. Aliyekuja kufundisha hujikuta mwanafunzi, na mwalimu wake aweza kuwa mtoto wa miaka sita, au mama auzaye maharage sokoni.

Majengo, mtaa wa mji wa Songea, ni mahali pema pa kulitazama jambo hili. Wangoni, Wamatengo, Wandendeule na Wayao, kila watu na lugha yao, hukutana mjini, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho. Basi mgeni ajifunzaye Kiswahili hapa hupokea lugha ambayo wengi wa wenyeji nao waliipokea, juu ya lugha ya mama zao.

Wageni wa namna hii si wa jana. Mapadri Wabenediktini wa Kijerumani, walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, walijibidiisha sana katika lugha. Mmoja wao, Cassian Spiss, alichapisha mwaka 1904 maelezo ya sarufi ya Kingoni na Kisutu. Mwaka uliofuata, akiwa askofu, aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji alipokuwa safarini katika nchi ya Liwale. Twajifunza hapa kwamba sarufi humfungulia mgeni mlango wa maneno, lakini peke yake haimtoi katika safu ya watawala ambamo watu wamekwisha kumwona.

Mapadri hawakuwa na wake. Mtu na mkewe wana hali nyingine. Jioni, mlango ukiisha kufungwa, hurudi katika lugha yao ya nyumbani, na nyumba yaweza kuwa kisiwa. Lakini pia wana faida: mmoja huleta maneno ya mkutano na ya shamba, mwingine ya jikoni na kisimani, wakasahihishana bila haya.

Mfano mkubwa wa mkoa huu ni Ralph Ibbott na mkewe Noreen, Waingereza. Kazi ya asili ya Ralph ilikuwa kukadiria gharama za majengo. Kabla ya kuja Tanganyika waliishi St Faith's, shamba la misheni karibu na Rusape katika Rhodesia ya Kusini, ambako watu husema Kishona. Mwaka 1963 walihamia na watoto wao Litowa, kijiji kikuu cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho kiongozi wake alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Ralph alikuwa mshauri. Neno hili lastahili kupimwa. Kiswahili kina kushauri, na kina kushauriana. Na katika kijiji ambacho wanakijiji wenyewe ndio waamuzi, mshauri asiyejua la pili hana kazi.

Lililo gumu zaidi, nadhani, ni neno dogo: letu. Mtu na mkewe huja na “yetu” ya watu wawili: nyumba yetu, safari yetu, watoto wetu. Litowa shamba lilikuwa la wote, kazi ya wote na mavuno ya wote. Aliyesema “shamba letu” alijihesabu pamoja na jirani zake. Kujifunza upatanisho wa ngeli ni kazi ya miezi. Kujifunza ni nani wamo ndani ya neno hilo ni kazi ya miaka.

Chama kilikua hata kikawa na vijiji 17. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja, na mwaka huo ukawa mwisho wa maisha ya akina Ibbott huko. Kate Wenner, kijana wa Kimarekani aliyefanya kazi Litowa, alitoa kitabu chake mwaka 1970, akakiita *Shamba Letu*. Ralph alitoa chake mwaka 2014, na neno la kwanza la jina lake ni *Ujamaa*. Vyote viwili vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini kila mwandishi alipofika penye kiini alilazimika kuazima neno la wenyeji.

Hiyo ni sifa kwa wageni wale: waliinama, wakapata. Kwetu sisi ni deni. Haifai wageni ndio wawe wasimulizi wa shamba letu, na sisi tuwaazime maneno mawili tu ya jalada. Wazee waliolima Litowa wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi wa historia aende akawasikilize, naye ainame kama walivyoinama wageni, aandike habari zao kwa lugha ile ile waliyoshaurianamo.